Maneno ya Penseli

Kila siku saa kumi na moja jioni, akishatoka kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, Konokono alinawa mikono mpaka wino utoke kwenye kucha, akammiminia mama yake chai nusu kikombe ili isimwagike, akamsogezea mto mgongoni, kisha akafungua kitabu. Mama aligeuza uso kuelekea dirisha ambalo hakuliona tena, akauliza swali lake la kila siku.

"Haya. Binti yangu amefikia wapi?"

Binti aliyeuliziwa si Konokono. Ni yule wa kwenye riwaya: yatima aliyelelewa na shangazi tajiri, anayedarizi mashuka ya harusi za binamu zake mpaka vidole vinatoboka, huku akimpenda mpimaji wa ardhi asiye na mbele wala nyuma. Ilikuwa riwaya kongwe ya mapenzi, kurasa mia nne, waliyoinunua kwa muuza vitabu chakavu mwaka ule macho ya mama yalipozimika. Sasa walikuwa wanaisoma kwa mara ya nne. Mama alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita na hakuwa mtu wa kusifu ovyo, lakini yatima yule alimmaliza kabisa.

"Msikie anavyojibu!" alikuwa akisema, akijipiga goti. "Huyo ndiye mwanamke. Ana adabu na ana ulimi. Si wewe, ukiulizwa jina lako unaangalia miguu. Ningejaliwa mtoto mmoja tu kama yule, ningekufa nimeshiba."

Jina la Konokono alipewa na mama huyo huyo akiwa na miaka sita, kwa kuchelewa kufunga kamba za viatu. Leo ana thelathini na tatu na jina halijabanduka. Lakini aliposikia sifa za yatima aliinamisha kichwa, na kama mama angekuwa anaona, angeshangaa: Konokono alikuwa anatabasamu.

Siri ilikuwa pembeni mwa kurasa. Kusema kweli, yatima wa kitabuni alikuwa mtu wa kulia na kunyamaza. Mara ya kwanza shangazi alipomtukana, kitabu kilisema tu, "Alijifuta machozi." Konokono aliisoma sentensi hiyo akamwonea huruma, na kabla hajajua anafanya nini, mdomo wake ukaongeza: "Shangazi, ukinigombeza mbele ya watu, nikusikilize wewe au niwasikilize wanaocheka?" Mama alifurahi hata akaomba arudiwe. Kesho yake Konokono akayaandika maneno hayo kwa penseli, asije akayasahau. Tangu hapo akawa anaongeza. Sifa zote zilizomwagwa chumbani mle kwa miaka mitatu zilikuwa zake, ila hazikuandikwa anwani yake.

Jioni hiyo walikuwa wamefikia sura ambayo yatima anamuaga shangazi. Konokono alikuwa ameiandalia mistari tisa. Fundi anayejalidi vitabu pale kiwandani, mwanamume mpole mwenye gundi vidoleni, alikuwa amemposa. Fundi huyo amepata kazi mji mwingine na safari ni Jumamosi. "Nitasubiri jibu mpaka kesho," alimwambia mchana huo, "wala sitakulaumu." Konokono hakuthubutu kumwambia mama. Akapanga yatima atangulie kuomba ruhusa, mama akimsifu, hapo hapo naye aseme, "Mama, hata mimi." Ulikuwa mpango wa mtu mwoga, lakini ndio aliokuwa nao.

Hajamaliza nusu ukurasa, mlango ukafunguliwa bila hodi. Manukato yaliingia kwanza, kisha masanduku mawili, kisha mdogo wake, yule ambaye nyumba nzima ilimwita Malkia na ambaye alikuja mara moja kwa mwaka.

"Mwanangu!" Mama alinyoosha mikono yote miwili. "Njoo nikushike. Umekonda!"

"Nimenenepa, Mama. Unanipapasa koti." Malkia alicheka, akakiona kitabu. "Bado mnasoma hili gogo?"

"Leo nisomee wewe. Dada yako anasoma kama mtu anayeuomba radhi mlango."

"Mama, sura hii naomba niimalizie mimi," Konokono alisema.

"Wewe kachemshe maji. Mdogo wako ametoka safari."

Akaenda. Jikoni aliwasha jiko, akabaki ameshika birika kwa mikono miwili, akisikiliza.

"Umeruka," sauti ya mama ilisema.

"Sijaruka."

"Shangazi anamwambia hana shukrani, naye anamjibu. Jibu liko wapi?"

"Hapa imeandikwa 'aliinama akalia,' basi. Ngoja… kuna maandishi ya penseli huku pembeni." Kikafuata kicheko. "Mama! Huu si mwandiko wa dada?"

Konokono alifika mlangoni na birika mkononi. Malkia alikuwa anapekua kurasa na kusoma kwa sauti ya puani, kama mtoto anayedeka: "'Shangazi, mkono unaokulisha nao hupenda kushikwa.' Uwii! Nani huyo anataka kushikwa mkono?" Alicheka mpaka akajifuta machozi. Hakuwa mtu mbaya sana; alikuwa mtu ambaye hajawahi kuchekwa.

Mama hakucheka. Hilo lilimfanya Konokono aamini jambo la kipumbavu: kwamba mama angesema, Kumbe ni wewe.

"Lirudie hilo la mkono," mama alisema.

Malkia akarudia. Mama alikitafuta kisahani kwa vidole, akaweka kikombe.

"Nilikuwa najiuliza," alisema taratibu, kwa sauti ile ya kusahihisha madaftari. "Mwandishi mzuri namna ile, mbona kuna mahali anaandika kama mtoto wa darasa la tano."

"Mama, lakini ulisema…"

"Nilisema nikiwa nimedanganywa. Mtu mzima unamdanganya kipofu! Tena unamtia mwenzako maneno mdomoni, wewe ambaye ya kwako yanakushinda. Ungekuwa na la kusema ungelisema. Huna."

"Basi, Mama," Malkia alisema, kicheko kimemkauka.

"Basi nini? Kifutio kiko kwenye mtoto wa meza yangu. Anza na sura hii. Futa yote, nimpate binti yangu kama alivyo."

Malkia alimtazama dada yake, kisha mama, kisha akafuata kifutio. Alikuwa amezoea kutii upande wenye sauti kubwa. Chengachenga nyeusi zikawa zinamdondokea mapajani, naye akizipuliza ili zisichafue sketi.

"Hapa mwisho kuna mistari tisa," alisema kwa sauti ndogo. "Hii nayo?"

"Sijasema ubakize."

Kifutio kikalia juu ya karatasi. Ilichukua muda, kwani Konokono alikuwa ameikandamiza penseli.

"Sasa soma," mama alisema, akajiweka sawa kwenye mto. "Anaondoka. Binti yangu anamwambia nini shangazi yake?"

"Hasemi kitu, Mama. Analia tu."

"Hasemi kitu kabisa?"

"Analia, anapanda gari la farasi. Sura imeisha."

Uso wa mama ulishuka, kama wa mtu aliyekuja kumwona ndugu akaambiwa amehama.

Konokono aliliweka birika la moto juu ya meza ya mbao bila kitambaa chini yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Anasema ameposwa na fundi wa kujalidi vitabu," alisema.

"Nimemuuliza mdogo wako."

"Najua. Mistari ile tisa ilikuwa ya kukuomba ruhusa, na mmeifuta, kwa hiyo siombi tena. Miaka yote mitatu sikuwa nakusomea, Mama. Nilikuwa naongea na wewe, na wewe ulikuwa unamjibu mwingine. Jumamosi naondoka."