Udongo wa Eneo Tupu

Saa tatu asubuhi lori lilimwaga udongo mbele ya kitalu cha Mama Chekeche, kando ya barabara, na msimamizi wa jengo jipya la ofisi ya ardhi akashuka na karatasi mkononi. Vyungu arobaini, alisema. Mimea ya ndani, ya majani mapana, kuanzia mapokezi mpaka ghorofa ya tatu. Udongo ndio huu, umechimbwa kwenye msingi wa jengo lenyewe. Jazeni tu.

Mama Chekeche aliinama, akachota konzi moja, akainyunyizia maji, akaifumbata, kisha akaifumbua. Udongo mzuri wa chunguni ukiufumbata hushikana, ukiugusa kwa kidole humeguka. Huu alipougusa haukumeguka. Ulimshika kidole.

"Udongo wa mfinyanzi mtupu," alisema, akijinasua. "Ukiujaza hivihivi, mwezi haupiti umekuwa tofali. Maji yatasimama juu, mizizi itakosa hewa chini."

"Mkataba unasema udongo wa eneo, mama."

"Utakuwa wa eneo. Ila utachanganywa."

"Fanya unavyojua," alisema msimamizi, akapanda lori.

Eneo lenyewe Mama Chekeche alilijua kama anavyojua kiganja chake. Palikuwa na nyumba sitini na mbili. Tingatinga lilizilaza kwa siku mbili, na kwenye faili la ofisi ya ardhi, ukurasa wa kwanza, pakaandikwa: Eneo tupu. Hapakuwa na wakazi. Tangu hapo alikuwa amepeleka barua tisa. Hakuomba kiwanja kingine. Aliomba sentensi hiyo ifutwe, kwa sababu mama yake alizaa watoto watano pale na kufia palepale, na mtu hafii mahali ambapo hakuwahi kuwepo.

"Wape hivyohivyo," alisema wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko panga lake la kufyekea. "Mimea ife yote. Wakae na vijiti."

"Mmea una kosa gani, wifi?"

"Hauna. Lakini wewe una huruma ya kuku, anatagia mpaka wanaomchinja."

"Lete mchanga."

Walichekecha siku nzima. Kwenye chekeche vilibaki kokoto, kipande cha sahani ya buluu, kitasa, na kikohozi cha mama yake, ambaye alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Mama Chekeche alikitambua mara moja. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mara mbili mbili, cha mtu anayepuliza moto. Kokoto alizitupa. Kikohozi alikirudisha kwenye udongo.

Kisha akachanganya, ndoo mbili za udongo, moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa chumvichumvi yote, moja ya samadi iliyooza hata harufu imekwisha, na konzi kadhaa za pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Wifi yake alitaka kutandika kokoto chini ya vyungu ili maji yapite haraka, kama wafanyavyo watu wengi. Mama Chekeche alimkataza. Maji hayapitishwi na mawe yaliyo chini, alisema, hupitishwa na udongo wenyewe. Alimimina kikombe kimoja kwenye chungu cha kwanza. Maji yakazama, yakachungulia kwenye matundu ya chini, yakadondoka taratibu. Alifumbata konzi tena. Safari hii udongo ulimeguka, ukamwachia kidole.

Wiki ya tatu baada ya vyungu kufikishwa, mizizi ilitoka kwenye matundu. Ilishuka kwenye visahani, ikatambaa juu ya vigae, ikanyooka. Haikwenda ovyo. Pale palipokuwa na ukuta wa nyumba iliyobomolewa ilijenga mstari, palipokuwa na mlango iliacha nafasi, na palipokuwa na uchochoro ilikwenda sambamba mpaka mwisho wa ukumbi. Ghorofa ya pili na ya tatu ilirudia ramani ileile. Ukiikata asubuhi, mchana imeunga.

Wafanyakazi walizoea upesi. Karani wa masijala aligundua kuwa meza yake iko katikati ya kizingiti cha watu, akaisogeza. Mhasibu alijikuta chooni kwa familia ya fundi viatu, akaomba uhamisho wa dawati. Dada wa mapokezi alikuwa akiwaelekeza wateja: "Pita uchochoro huu, nyumba ya tatu, kona kushoto, ndiyo idara ya ramani." Watu walifika wanakokwenda haraka kuliko zamani.

Msimamizi alirudi kitaluni na mtu mwenye kopo la rangi nyekundu, akamwagiza achore alama ya kubomolewa kwenye kibanda cha kitalu.

"Mama, tuelewane," alisema. "Kuna dawa ya kuutuliza udongo ule. Wewe ndiye uliyeuchanganya. Uutulize, nami hii alama naifuta leoleo."

"Mimea inaumwa?"

"Haiumwi. Imestawi mno, ndiyo shida."

"Basi haihitaji dawa. Inahitaji samadi kidogo kila miezi mitatu, na usiinyeshee mpaka udongo wa juu ukauke. Kuna kingine?"

"Utakosa mahali pa kufanyia kazi, mama yangu."

"Mwanangu," Mama Chekeche alisema, akikung'uta chekeche, "mmeshanivunjia mara moja. Mnadhani mara ya pili nitajifunza lipi jipya?"

Wifi yake alimwambia mwenye rangi: "Na wewe chora vizuri, mstari umepinda. Hata kuonea watu kunataka ufundi!"

Kitalu kilivunjwa Jumanne. Jumatano kwenye faili pakaandikwa kuwa hifadhi ya barabara ilikuwa wazi. Alhamisi Mama Chekeche alivaa gauni lake la kitenge, akachukua barua ya kumi, akaenda. Mlinzi getini alimpa kitabu cha wageni. Mbele ya "Unakwenda wapi" aliandika: Nyumbani.

"Andika idara, mama."

"Andika wewe. Mimi nimeshaandika."

Alipanda mpaka ghorofa ya tatu, akafuata mizizi, akaingia kwa mkurugenzi. Meza ya mkurugenzi ilisimama katikati ya jiko la mama yake, hatua mbili kutoka yalipokuwa mafiga.

"Mbona hukubisha hodi?" aliuliza mkurugenzi.

"Hodi hubisha mgeni. Wewe umeingia jikoni kwa mama yangu na viatu, huu mwaka wa pili, hodi yako sijaisikia."

Mkurugenzi alitazama mstari wa mizizi uliozunguka meza yake. Alivua viatu, akaviweka nje ya mlango. Kisha akaipokea barua, akaisoma yote, na chini yake akaandika kwa mwandiko mzuri: Faili linaonyesha hapakuwa na wakazi. Akagonga muhuri.

Mama Chekeche aliikunja barua, akaitia kwenye mkoba.

"Ya kumi na moja nitaileta Jumatatu," alisema. "Na hapo ulipo ndipo mama anapopitia na sufuria. Sogea."

Mkurugenzi, akiwa peku, alisogeza kiti.