Mgeni wa Kedar

Kedar Gokhale alikufa Alhamisi asubuhi, na mgeni wake akatua kwetu Pune Jumapili iliyofuata. Hakuna aliyekumbuka kumzuia. Tiketi ilikuwa imeshakatwa, mteja alikuwa anasubiri pampu ijaribiwe, na kwenye kampuni yetu pampu haijui msiba. Basi nikatumwa mimi uwanja wa ndege kumpokea Anselmo Vidigal wa Ureno, mtu mzima mnene mwenye masharubu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiongea na Kedar kila jioni kwenye kompyuta bila hata siku moja kukutana naye ana kwa ana. Nilimpa habari pale pale kwenye maegesho. Alikalia sanduku lake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Aliniahidi Jumamosi," alisema. "Alisema Jumamosi ni yake."

Hilo sote tulilijua. Kedar alishatutangazia ofisini, mdomo umejaa wali: mgeni ni wangu, Jumamosi ni yangu, msije mkampeleka kwenye maduka yenu ya ghorofa mkamchosha bure. Alikuwa hivyo. Akikushikia jambo hakuachii.

Sasa Jumamosi hiyo hiyo ndiyo iliyoangukia siku ya kumi. Kwa mila yetu, siku ya kumi tangu kifo marehemu huwekewa madonge ya wali juu ya jiwe kando ya mto, watu wakarudi nyuma, wakangoja kunguru. Kunguru akila, marehemu ameridhika, anakwenda zake. Asipokula, kuna kitu bado anakitaka, na ndugu husogea mmoja mmoja kumwahidi hiki na kile mpaka wapatie. Mtu wa miaka thelathini na moja, aliyegongwa na lori la mchanga akiwa kwenye pikipiki njiani kwenda kazini, utaanzia wapi kumwahidi?

Mama yake alinipigia simu Ijumaa mchana nikiwa kazini.

"Vaidehi, hatakula yule."

"Atakula, mama."

"Namjua mwanangu. Ameondoka na kila kitu tumboni. Na asipokula, kuhani atasokota kunguru wa majani, auguse wali kwa mkono wake, halafu tuambiwe basi, imetosha. Mimi haitanitosha. Nitakaa na mtoto wangu mlangoni maisha yangu yote, haingii wala haondoki."

Nilikuwa nimemkasirikia Kedar siku zote hizo, nadhani kwa sababu hasira ni nyepesi kubeba kuliko kile kingine. Meza yake ilikuwa ubavuni mwangu. Kikombe chake hakikuwa kimeoshwa na mimi sikukiosha.

Kesho yake tukaondoka alfajiri kwenda kijijini kwao Kedar kwa gari la Imtiyaz Bagwan, mwenzetu wa idara ya majaribio, mimi na Anselmo tukiwa nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa cha Kedar kila tuliposafiri. Hatukupanga kukiacha wazi, ila hakuna aliyekikalia.

Mgeni alikuwa na ombi moja. Njia nzima Kedar alishamsimulia, wapi watakunywa chai, wapi watapumzika, na yeye alitaka kuipita hivyo hivyo kama alivyosimuliwa.

"Tunakwenda kwenye siku ya kumi, si pikiniki," nikamwambia Imtiyaz kwa lugha yetu, nimenuna.

"Wee Vaidehi, mgeni ni mgeni. Unataka arudi kwao aseme tulimwonyesha nini? Mabomba?"

Kabla ya handaki linalopita mlimani kuna kibanda chenye kibao cha buluu, wanauza mchuzi mkali wa choroko zilizoota pamoja na mkate. Tulikuwa hatujakaa vizuri, mwenye kibanda akamtazama Anselmo tumbo na masharubu, akacheka.

"Huyu ndiye mgeni wa Kedar! Mchuzi wake umepikwa mbali, hauna pilipili hata chembe. Kedar alinipigia simu, akaniapisha. Akasema ukimuunguza mgeni wangu nitakuja kukufungia kibanda."

Imtiyaz akaacha kutafuna. "Alipiga lini?"

"Alhamisi." Tayari alikuwa amegeuka kuhudumia wengine. "Mwambieni ana deni la kuja kunisalimu."

Hakusema Alhamisi gani, nasi hatukumuuliza. Kedar alikufa Alhamisi asubuhi mapema, kabla watu hawajafungua vibanda. Imtiyaz alimjibu tu kwamba Kedar amebanwa na kazi, na uongo huo ukakaa nasi mezani mpaka tulipomaliza kula. Anselmo aliuliza yule bwana kasema nini. Nilipomweleza, aliushika mkate wake mkononi muda mrefu asiule.

Baada ya kuushuka mlima tukasimama kwa mama mmoja anayekamua miwa. Hapo napo tulikuwa tunangojwa. Alikuwa amemwekea mgeni kiti cha chuma, kizito, tofauti na vile vya plastiki.

"Kedar aliniambia nitafute kiti cha mtu mzima," alisema, akimpapasa Anselmo bega kama anayepima ng'ombe sokoni. "Nikasema mtu gani huyo! Sasa nimemwona, nimeelewa."

Imtiyaz alicheka kweli, kwa mara ya kwanza siku ile. Nami nikacheka. Hata Anselmo, bila kuelewa neno, alijikalia kwa madaha na kutupiga picha. Yule mama akakamua, akamimina bilauri nne.

"Tuko watatu, mama," nikasema.

"Na Kedar je? Si yule pale mbele?"

Alikuwa ananyoosha kidole kuelekea gari letu, macho kayakunja kwa sababu ya jua. Tuligeuka wote. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo na nyuma ya kioo hapakuwa na mtu. Niliona kiti tu, na mkanda wake ukining'inia. Lakini najua nilichukua muda kuwa na hakika, na Imtiyaz alichukua muda zaidi yangu.

"Hayupo," nikasema.

"Basi macho yangu." Akaipeleka bilauri ya nne ukingoni mwa meza na kuiacha hapo. Hakuna aliyeigusa. Tulirudi garini, na Imtiyaz hakutania tena. Nilimwona kwenye kioo akisogeza mkono wake polepole, mbali na kiti cha pembeni. Sikuogopa kwamba yupo. Nilichoogopa ni kwamba yupo na anahangaika, anakimbia mbele yetu kibanda kwa kibanda kutuandalia mapokezi, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Kijiji chao ni Menavali, mto Krishna unapita chini yake, ngazi pana za mawe zinashuka mpaka majini. Watu walikuwa wameshajaa. Omkar, mdogo wake Kedar, alikuwa amenyolewa kipara na kuloa mwili mzima, anatetemeka. Madonge yalikuwa juu ya jiwe, juu ya majani, na kunguru walikuwepo, wengi tu, kwenye ukuta, kwenye mti, kwenye paa la hekalu. Walikuwa wanatazama. Hakuna aliyekuwa anashuka.

"Tangu lini?" nikamnong'oneza mwanamke wa karibu.

"Tangu jua liko kule," akasema, akionyesha upande mwingine kabisa wa mto.

Omkar alishaahidi kuacha sigara na kumtunza mama. Mjomba aliahidi kwamba shamba halitauzwa. Binamu akaahidi pikipiki itatengenezwa, jambo ambalo mimi nisingemtajia mtu aliyefia juu yake, lakini watu walikuwa wamefikia hapo, kila mtu anatupa tu alichonacho. Mama yake alitusogelea. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomwacha, sari imemning'inia.

"Nyinyi mlikuwa naye kuanzia asubuhi hadi jioni. Ahidini."

Nikasogea, mikono nimeikutanisha. Nikamwambia Kedar ripoti yake nitaimaliza na jina lake litabaki juu. Imtiyaz, ambaye kwao mambo ya madonge hayapo, akasimama karibu yangu akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba pampu ya mteja itafanya kazi, hata ikibidi alale kando yake. Kunguru mmoja alirukia ngazi ya juu yetu. Akainamisha kichwa. Akarudi zake ukutani.

Kuhani akaangalia jua. Akachukua majani makavu kutoka kwenye kikapu chake akaanza kuyasokota, taratibu, kama mtu anayeona haya.

"Bado!" mama akapiga kelele. "Usiyasokote hayo! Bado!"

Halafu akamwona Anselmo. Alikuwa amejibanza nyuma, viatu mkononi, kofia kifuani, kamera ameificha.

"Huyu ni nani?"

"Ni yule wa Ureno, mama. Aliyekuwa akiongea na Kedar kila jioni."

"Muulize. Mwanangu alimwahidi nini?"

Nilimuuliza. Anselmo alijibu kwa Kiingereza chake kizito, akiona haya, kwamba ni upuuzi tu. Huku juu, Kedar alimwambia, kuna kengele ya kanisa. Zamani watu wa huku waliichukua kwa Wareno vitani, wakaitundika kwenye hekalu kando ya mto. Miaka mitatu Kedar alimtania nayo: njoo uone kengele yenu tuliyowaibia. Naye alikuwa akimjibu, siku nikija nitaondoka nayo mfukoni.

"Alisema nitaigonga mara moja, na yeye atakuwa amesimama karibu yangu," Anselmo akamaliza.

Nilimfasiria mama neno kwa neno. Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki, maana siku kama ile nani anataka kusikia habari za kengele? Alinyoosha mkono tu kuelekea kihekalu kilicho juu ya ngazi.

"Aende, basi. Aende akaigonge."

Anselmo akapanda pekupeku, anahema, mkono mmoja ukutani. Akaingia, hatukumwona tena. Kisha kengele ikalia mara moja, sauti nzito iliyovuka mto na kurudi, na kunguru wote, wote kabisa, wakaruka juu kwa makelele wakatoweka nyuma ya miti.

"Amewafukuza!" mjomba akasema. Kuhani alijishika kichwa. Omkar alianza kulia kwa sauti kama mtoto, na mimi nilitamani ardhi inimeze, maana aliyemleta yule mgeni ni mimi.

Mama peke yake hakusogea. Sauti ya kengele ilikuwa bado haijaisha vizuri alipokuja kunguru mmoja kutoka upande wa mto, chini chini, akatua juu ya jiwe kana kwamba jiwe ni lake. Akachukua wali. Akala. Akachukua tena.

Ngazi nzima ilishusha pumzi. Watu wakakumbatiana, Imtiyaz akanishika bega kwa nguvu mpaka likauma, kuhani akayatupa majani yake majini. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, nikilia kwa furaha na kwa wivu, sijui nimwonee nani.

Anselmo alishuka. Mama alimngoja chini ya ngazi, akanivuta nikasimama katikati yao.

"Kengele," alisema. Hakuwa akimwambia yeyote. "Nimemwahidi harusi ya mdogo wake. Nimemwahidi kwamba nitakula. Nimemwahidi kwamba sitalia tena, mimi, mama yake. Kumbe alikuwa anangoja mtu na kengele." Akanigeukia. "Muulize. Kwa miaka yote hiyo mitatu, Kedar aliwahi kumwambia lolote juu yangu?"

Nikamuuliza Anselmo. Nilimwona akitafuta, kweli akitafuta, macho yake yakipita juu ya maji. Nilijua jibu kabla hajalisema, kwa sababu nilikaa ubavuni mwa Kedar nikiwasikia kila jioni: pampu, mvua, mpira, kengele. Anselmo alikuwa mtu mwaminifu na hakujua kudanganya hata pale.

"Hapana," alisema kwa sauti ya chini.

Nikamgeukia mama. "Anasema alikutaja kila siku," nikamwambia. "Anasema alikuwa akimweleza unavyopika, unavyogomba, na kwamba hakuna alichokifanya bila kwanza kufikiri wewe utasema nini."

Mama alinitazama usoni, hana hasira. Akanishika kidevu kwa vidole vyake vyenye majivu ya ibada.

"Yeye kasema neno moja, mwanangu," alisema. "Wewe umenipa maneno mangapi?"

Akaniachia, akakusanya sari yake, akashuka majini kuoga. Nyuma yake kunguru walikuwa wamerudi wote, wanagombea wali juu ya jiwe, na hakugeuka kuwatazama.