Tundu la Tisa Nukta Nane

Jumatatu asubuhi Kiende alikuwa akikanda unga wa chapati nje ya ofisi ya mradi wa maji, hapa Kianjai, alipoona tundu ukutani. Upana wake ulikuwa kama sufuria ya ugali. Kwa tabia njema tuliyo nayo sote, alichungulia. Upande wa pili hakukuwa na ofisi. Kulikuwa na tangi la Nkirote, mama mzee mwenye kitalu juu mlimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kiende alipenyeza mkono, akafungua bomba, akapata maji ya kumalizia unga.

Muthomi, fundi wa kompyuta za mradi, alikuja akaliangalia. Alisema ukuta hauna shida. Shida iko kwa programu inayofunga na kufungua mabomba yetu: ina kosa, na kosa limetokeza.

"Kwanza tunaambia wenye kuitengeneza, kimyakimya," alisema. "Wapewe muda wazibe. Halafu ndio litangazwe, lipewe namba. Dunia nzima namba ni moja, ndio mtu wa Japani akilitaja, hata wewe ujue ni hilohilo."

"Kwa hivyo tunyamaze?"

"Kidogo tu, Kiende. Jaribu."

Kunyamaza kulitushinda kabla ya chai ya saa nne. Kufikia jioni foleni ya mitungi ilikuwa imefika barabarani, na humo yakasemwa mambo mengine mengi ambayo hayahusu hadithi hii, lakini yalikuwa matamu.

Alhamisi namba ilitokea yenyewe juu ya tundu, kwa rangi ya buluu, mwaka mbele na tarakimu nyuma. Chini yake ukaja ukali wa tundu, yaani hatari yake: tisa nukta nane kwa kumi. Hakuna mtihani ambao Kianjai imewahi kupata alama kama hizo. Mwenyekiti wa mradi, Thuranira, aliitisha maombi ya shukrani. Mbuzi akachinjwa, nasi tukapiga picha na tundu tukiwa na nguo za kanisa.

Kiraka cha kuliziba nacho kilifika kutoka kwa kampuni iliyotengeneza programu, kimekunjwa kama leso, kina namba ileile. Muthomi alisema ni kukibandika tu, maji yafungwe kidogo.

Mwenyekiti akaitisha mkutano wa kuamua kama kibandikwe, na siku hiyo Nkirote alishuka. Bomba la kwake lilikuwa limekauka. Maji ya tangi yalitokea upande wetu tu. Kitalu chake cha miche ya makadamia, kinachosomesha wajukuu wake, kilikuwa kinanyauka.

"Mwenyekiti, kiraka kimekuja. Kibandikeni."

"Mama, pole na safari. Lakini tundu limeshajulikana. Liko kwa orodha ya dunia."

"Hiyo orodha inanyunyizia miche?"

Thuranira alitugeukia. "Baite, watu wangu, mnasemaje?"

Tulisema jambo zito namna hii liundiwe kamati ndogo. Tulisema hivyo tukiwa na mitungi mikononi.

Nkirote hakubishana. Aliazima mtungi kwa Kiende, akaja kupanga foleni ili achote maji ya tangi lake ayapandishe mlimani. Sisi si watu wasio na heshima. Tulipoona mama wa umri ule amesimama juani, tulimpisha hadi mbele, na mtungi ulipojaa mwenyekiti mwenyewe akamsaidia kuufunga mgongoni.