Vumbi na Lori la Philbert

Kwetu Nyakisasa, uwanja usiofagiwa una maana moja tu: mna msiba. Hakuna anayeshika ufagio mpaka matanga yaanuliwe. Sasa mume wangu Anatoli, fundi seremala mwenye akili zake timamu, akapiga marufuku ufagio nyumbani kwangu na hatujafiwa na mtu!

Sababu ilikuwa lori la mti, refu kama mkono wangu. Mwanetu Philbert alikuwa dereva wa lori, Bedford nyekundu. Vita na Amin vilipoanza, gari likachukuliwa kubeba askari, naye akaenda nalo. Alipoaga alimwambia baba yake huku akicheka, "Mzee, nichongee kama hili. Ling'ae mpaka nikirudi nione meno yangu mlangoni."

Kuchonga kulikuwa kazi ndogo. Rangi ndiyo iliyotutesa. Anatoli alipaka mkono mmoja mwembamba wa rangi, akaacha ukauke kabisa, akasugua kwa msasa uliolowa maji, akafuta, akapaka tena. Punje moja ya vumbi ikitua kwenye rangi mbichi, alirudi mwanzo.

"Baba Philbert, unatuitia msiba," nilimwambia. "Mtoto yuko vitani!"

"Akirudi akakuta linakwaruza kwa vumbi, nitamwambia nini?"

Majirani wakaanza kutusalimia kwa sauti ya chini. Eufrazia wa nyumba ya pili alileta kikapu cha maharage, akanipa pole. Nilimfukuza na maharage yake. Lakini niliogopa, nasema wazi, kila nilipoyaona majani yamelala uwanjani.

Siku aliyopaka mkono wa mwisho, Anatoli aliketi barazani amelishikilia lori kwa chini. Niliinama, nikauona uso wangu kwenye mlango wa dereva, macho na kilemba changu. Ubishi wote ukaniisha. Lilikuwa zuri, nikacheka.

Nilikuwa bado nimeinama alipoingia Bernardo, balozi wetu wa nyumba kumi, kofia mkononi, na askari mmoja nyuma yake. Bedford ilikanyaga bomu ng'ambo ya mpaka. Hata mwili wa kuzika haukuwepo.

Nilikwenda moja kwa moja nikachukua ufagio.

"Dada, hapana!" Eufrazia alipiga kelele kutoka uwanjani kwake. "Ni mwiko!"

Mwiko gani tena? Msiba wa uwanja mchafu nilishaukaa mtoto akiwa hai. Nilifagia kwa hasira, vumbi likapanda hadi paani, nikafagia mpaka miguuni kwa Anatoli. Hakunizuia. Aliufunika tu mlango wa dereva kwa kiganja, akakibana pale rangi ikiwa mbichi, mpaka nilipochoka nikaanguka.

Baadaye watu walimshauri asugue, aanze upya. Alikataa. Lori liko juu ya kabati, bodi nzima inakwaruza kwa vumbi lililogandia, na mlangoni, pale Philbert alipotaka kuona meno yake, pana vidole vya baba yake.