Maziwa ya Fundi Kasmir

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, Kasmir alikata kwa meno kona ya pakiti ya maziwa akanywa nusu lita huku amesimama. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa mageti pale Gerezani, ukitoka tu Kariakoo. Maziwa yanaosha kifua, wanasema. Nani kawaambia hawajui, ila ukibisha watakucheka.

Mwenye karakana, mzee Ridhiwani, hakuwahi kuwanyima maziwa. Aliwanyima dirisha. Aliliziba kwa matofali baada ya wezi kupitia hapo, akasema moshi utapita mlangoni. Moshi ukamjibu nini? Ukakaa.

Bomba za mageti zimepakwa zinki zisishike kutu. Zikichomwa, zinki inaruka kuwa mvuke, chembe mojamoja, macho hayazioni. Mvuke ukipoa kidogo, chembe zinatafutana: mbili, tatu, mara kikundi. Vikundi vilivyokutana na oksijeni ya hewani viligeuka vyeupe, vikaelea karakana nzima kama sufi ya mto uliopasuka. Vile vilivyomwahi Kasmir puani kabla ya kugeuka vilikuta maji ya kifuani mwake. Viliyanyang'anya maji oksijeni yake, vikaiacha hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, haina pa kwenda. Ikahamia humohumo.

Jumatatu jioni, nyumbani Magomeni, mkewe Swaumu alimkuta anaelea shibiri moja juu ya kitanda, anatetemeka kwa homa.

"Umekula?"

"Mdomo wote chuma mtupu."

Swaumu akamfunga mguu kwa khanga kwenye tendegu, akaenda kupasha uji. Jirani yao Angela alichungulia, akasema khanga itaacha alama, afadhali mtandio.

Kesho yake Swaumu alifika karakana. Mumewe alikuwa anachomelea kichwa cha geti, miguu haigusi chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba dirisha lifunguliwe. Kasmir pumzi inamwishia, mzee. Nampoteza huku namwona."

Ridhiwani alisikitika, na alisikitika kweli, si mtu mbaya. "Wezi je, mwanangu? Nitamwongezea maziwa."

Basi Kasmir akawa anakunywa lita nzima. Na kwa kuwa sasa alifika juu bila kupanda kitu, ngazi ya karakana ikauzwa.

Alikata roho Alhamisi adhuhuri, mgongo umegusa dari. Wanaume wa mtaani walimshusha kwa shuka, wakamwosha, wakamkafini, wakambeba kwa kulivuta jeneza chini badala ya kuliinua. Makaburini, kila walipomlaza mwanandani alipanda polepole mpaka kwenye viganja vyao. Hakuna aliyepiga kelele. Shehe aliuliza tu kama kuna kitu kizito karibu.

Ridhiwani akaagiza geti. Lilikuwa kazi ya mkono wa Kasmir mwenyewe, futi kumi, mteja hakurudi kulichukua. Wakamfunika nalo, wakafukia. Likatosha.

Matangani Ridhiwani alileta rambirambi: katoni za maziwa. Swaumu aliziangalia, akatamani kuzimwaga barabarani. Lakini waliokuja kuhani walikuwa wengi na chai ilikuwa ya rangi. Akazifungua.

Alasiri kijana mmoja alisimama mlangoni kutoa pole. Alijitambulisha: Awadhi, ndiye anayeanza Jumatatu kwenye nafasi ya marehemu. Swaumu akampa kikombe.

"Mdogo wangu, kule hakuna dirisha."

"Najua, dada. Lakini maziwa yapo."

Akanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Swaumu akamwongezea.