Wanakijiji wa Kisima cha Punda

Jumapili hiyo, Emilia aliporudi kutoka kanisani na kuinjika maharage, Asma alifika nyumbani kwao Miyuji na kifuko chake cha madadu. Akatandaza ramani kwenye meza ya chakula, akaweka kikombe cha chai juu ya pembe iliyokuwa ikijikunja. Asma alikuwa mfamasia mzaliwa wa Kondoa, mtu asiyependa ugomvi, na kila wiki alikuja kucheza na rafiki yake Emilia na mumewe, Yotham. Mchezo wenyewe haukuwa mgumu. Asma alisimulia mkasa, wenzake wakasema watu wao wa kubuni wanafanya nini, dadu likaamua kama wamefaulu. Yotham alikuwa shujaa mwenye shoka, Emilia mwizi mwenye sauti nzuri. Asma aliweka sheria moja tu: hapa tunakuja kucheka. Mtu akinuna, tunabadilisha hadithi.

Wiki iliyopita walicheka mpaka Emilia akashika mbavu. Shujaa alitaka kupitisha jeshi katikati ya kijiji kiitwacho Kisima cha Punda. Bibi mmoja mwenye makengeza, aliyevaa kandambili mguu mmoja, akatoka nje na kumwambia, "Hiyo njia yako ipitishe kwa jirani, mimi nina wageni." Yotham akarusha dadu, kijiji kikateketea. Lile jibu la bibi walilipenda mno, wakawa wanalirudia hata getini wakati wa kuagana.

Sasa geti likagongwa. Emilia akaenda kufungua, akarudi. "Asma, wageni wako."

Alikuwa yule bibi, na makengeza yake, na kandambili yake moja, kanga imeungua pindo. Nyuma yake walisimama watu wasio na sura, nyuso laini kama yai, kwa sababu Asma alikuwa amesema tu "na wanakijiji wengine" akaendelea na mengine. Mbuzi wao walikuwa na sura nzuri sana. Asma alipenda mbuzi.

"Mbukwenyi," bibi alisalimia.

Yotham na Emilia wakamwitikia. Asma, ambaye Kigogo hakijui, alitoa shikamoo, huku akijiuliza bibi ameitoa wapi lugha ambayo yeye hakumpa.

Emilia akatandika mkeka, akawamiminia chai. Bibi akanywa. Wale wengine walishika vikombe mpaka vikapoa, maana hawakuwa na midomo.

"Tumekuja kuuliza tutalala wapi," bibi alisema. "Na mimi naitwa nani. Njiani watu wananiuliza jina, nakosa la kusema."

"Bibi, ule ulikuwa mchezo," Yotham alisema.

"Najua, baba. Tuliwasikia mkicheka."

"Wewe ni bibi Paulina," Asma alisema haraka.

Bibi akalitamka lile jina taratibu, akatikisa kichwa, akamwonyesha Yotham. "Silo. Muulize huyu, yeye ananijua."

Yotham alikuwa akikwangua kitu kisichoonekana mezani. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi. "Bibi Sila," alisema mwishowe.

Bibi akashukuru. Ndipo mambo yakaeleweka, bila mtu kupandisha sauti. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, Yotham alikwenda ng'ambo ya kijiji cha Zuzu kusimika mawe ya mipaka ya barabara mpya, na mwanamke mmoja mzee wa jina hilo akatoka nyumbani kwake akamwambia barabara ipite kwa jirani, yeye ana wageni. Yotham akaja kuwasimulia walipokuwa wakila pilau, wakacheka. Asma akalihifadhi lile jibu kichwani, akampa bibi wa kubuni, akamwongezea makengeza ili achekeshe zaidi.

"Na yule wa Zuzu alikwenda wapi?" Asma aliuliza.

"Sikuuliza. Mimi ni mpimaji tu."

Emilia akamwongezea bibi chai. "Jamani, mbona tunanuna? Asma, si sheria yako mwenyewe?"

Basi Asma akabadilisha hadithi. Alipendekeza kijiji kijengwe upya palepale kilipokuwa, lakini Yotham akasema jeshi lake limeshazoea ile njia. Nyuma ya mlima palikuwa na nafasi, pale kwenye pembe ya ramani ambako hakukuchorwa kitu.

"Maji yapo?" bibi Sila aliuliza.

"Yanakuja," alisema Yotham.

Dadu likarushwa, likakubali. Ili kujituliza moyo, Asma akawapa wanakijiji sura, kila mmoja ya kwake: huyu vishimo vya mashavu, yule mwanya, mwingine kovu la utotoni kwenye paji. Walipopata midomo wakanywa chai yao iliyopoa, wakashukuru. Kisha wakapanda juu ya meza mmoja mmoja, wakaingia kwenye ile pembe nyeupe na mbuzi wao. Emilia akafuta vinyesi kwenye kitambaa cha meza. Mchezo uliobaki ulikuwa mtamu, na Asma alirudi kwake akijiambia kwamba yameisha salama.

Jumapili iliyofuata geti likagongwa tena. Safari hii alikuwa bibi mwingine, macho yake yamenyooka, viatu vyote viwili miguuni. Alikuja na binti yake na majirani, na hakuna uso uliofanana na mwingine. Walikuwa wametoka ng'ambo ya Zuzu, na vumbi mpaka magotini. Walikuwa wamesikia kwamba katika nyumba hii watu wanapewa mahali pa kukaa.

Asma akashika dadu, akalirudisha. Hawa hakuwatunga yeye, kwa hiyo hakuwa na la kuwafanyia.

Yotham akawaambia kwa heshima kwamba leo ni Jumapili na hapa ni nyumbani kwa mtu. Waende ofisi ya ardhi kesho.

"Ofisini ndiko tulikoanzia," alisema bibi.

"Basi ndiko huko huko, mama."

Emilia akarudishia geti polepole, isije ikaonekana wamefukuzwa. Chini ya geti miguu yao ilionekana kwa muda, kisha haikuonekana.

"Tuliishia wapi?" Yotham aliuliza, akilisugua dadu viganjani.

Asma aliitazama ramani. Alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa changamfu kuliko alivyotarajia. Akawaambia wamefika kwenye mji mzuri, ngoma zinalia, nyama iko motoni, milango yote iko wazi, na hauna mtu hata mmoja.

"Safi," alisema Yotham, akarusha dadu.