Mchanga Kwenye Injini

Budeba alikaa juu ya tairi bovu, macho hayabanduki kwenye mikono ya fundi Andendekisye. Kila nozeli ya kupulizia dizeli alikwishaitia alama ya rangi ya kucha, maana habari za gereji za Iyunga alizisikia: unaingia na kipuri kizima, unatoka na cha jirani. Lakini aliyekuwa akimwinda hasa leo si fundi. Ni Nashoni, mdogo wake wa tumbo moja, aliyesimama upande wa pili wa lori amekunja mikono.

Lori lenyewe ni Bedford la zamani, urithi wa marehemu baba yao. Lilikaa nyumbani Usangu tangu mazishi, masika nzima, na siku walipotaka kulipakia mpunga injini ikagoma katakata. Nashoni ndiye aliyekuwa akitaka liuzwe chuma chakavu, na kwa Budeba huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Alisema mbele ya baba wadogo kwamba Nashoni amemwaga mchanga kwenye oili. Wazee wakakata shauri: ukionekana mchanga, Nashoni ahame, yeye na mke na watoto, asirudi.

Fundi aliongeza bomba la chuma kwenye spana, akaning'inia. Kranki, mhimili unaozungusha injini, haikutikisika.

"Imejamu," alisema.

"Mchanga, siyo?"

"Bosi, ngoja nione kwanza."

Alipofungua nati ya kumwagia oili chini ya injini, yalitangulia maji, oili ikafuata. Budeba alitumbukiza vidole, akasugua, akatafuta hata chembe moja. Laini tupu. Moyoni akasema fundi huyu ameshahongwa. Mbona asubuhi alimsalimia Nashoni kwa kicheko?

Fundi akang'oa silinda hedi, mfuniko wa juu wa injini. Pistoni mbili zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikagandana na kuta za silinda. Nyingine zote safi.

"Mchanga hamna hapa. Hii ni mvua, imeingilia juu." Alionyesha bomba la moshi, ambalo marehemu baba yao alilisimamisha kupita paa la gari ili maji yasiingie akivuka mito. "Mlikuwa mnalifunika na nini?"

"Kopo la maziwa ya unga," Nashoni alisema. "Baba hakuliacha bomba wazi hata siku moja."

"Sasa hilo kopo liko wapi?"

Budeba alijua lilipo. Siku ya mazishi maua yalikosa chombo. Yeye mwenyewe, mtoto wa kwanza, alipanda juu ya lori akalitoa lile kopo, akalitia maji, akasimamisha maua ya baba yake. Liko kaburini mpaka leo.

"Liliibwa," Nashoni akajibu, bila kumtazama kaka yake. "Msibani watu walikuwa wengi, fundi."

Na Nashoni ndiye anayepalilia lile kaburi; kopo analiona kila mara. Budeba aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

"Halikuibwa," alisema. "Nililichukua mimi." Akazunguka lori hadi kwa mdogo wake. "Nashoni, si mchanga. Nawapigia wazee sasa hivi. Hamhami."

Nashoni alikunjua mikono taratibu.

"Nimesikia, kaka. Lakini ulipokuwa unasugua ile oili nilikuwa nakuangalia usoni. Ulikuwa unaomba uwe mchanga."